Kuchagua Kinga ya Sakafu kwa Gereji ya Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma

Ukipita Iyumbu, Ilazo, Nzuguni au kule Mtumba, utaona nyumba mpya nyingi zina banda la gari. Banda likishapata taa na soketi moja, halichukui muda kugeuka sehemu ya kazi. Leo unamwaga oili ya pikipiki, kesho unachaji betri ya sola, keshokutwa kijana wa nyumbani amefunga jiriwa mezani na grenda inalia. Kuta na paa hazina shida na kazi hiyo. Inayoumia ni sakafu, na sakafu nyingi za mabanda haya zilimwagwa kwa kufikiria gari kulala tu.

Swali ninalokutana nalo kila mara ni hili: "Fundi, niweke nini chini?" Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Ameona kwenye simu sakafu inayong'aa ya epoksi, ile rangi ngumu ya kopo mbili zinazochanganywa, au amebakiwa na maboksi ya vigae vya sebuleni. Jibu langu halibadiliki: kinga ya sakafu inachaguliwa kwa kuangalia kitu kibaya kuliko vyote kitakachoangukia mahali hapo, na ndani ya banda moja mahali hapafanani. Ukilishika hilo utatumia hela kidogo, maana hutalazimika kuvalisha banda zima kitu kimoja cha bei kubwa.

Hatua ya kwanza: chora banda lako kwa kazi zake

Chukua chaki au kipande cha mkaa, ingia bandani, uchore chini kwenyewe. Weka alama gari linasimama wapi, injini yake inakaa juu ya sehemu gani, meza ya kazi itaegemea ukuta upi, na cheche za grenda zitarukia upande gani. Kisha kwa kila kipande ulichochora jiulize kitaangukiwa na nini: uzito, moto, kimiminika, au ni miguu tu ya mtu atakayesimama hapo saa nzima akifungua kabureta.

Uzito ndio unaodanganya watu. Gari dogo la kilo 1,200 likisimama kwa matairi yake manne halitishi zege lililomwagwa vizuri, kwa sababu mzigo umesambaa kwenye raba yenye upepo. Linyanyue kwa jeki la magurudumu uone mambo yanavyobadilika. Karibu nusu ya uzito ule sasa unapita kwenye vigurudumu vidogo vya chuma, kila kimoja kikigusa sakafu kwa upana wa milimita chache. Hapo ndipo niru, ule uso wa simenti tupu uliolainishwa, inapobanduka, kigae kinapopasuka na rangi inapokwanguka. Stendi za jeki ni zaidi ya hapo, kwa kuwa zinakaa palepale huku wewe ukivuta spana na kulitikisa gari kulegeza nati iliyoshika kutu.

Moto nao una tabia yake. Cheche za grenda zinaruka mita kadhaa kutoka ulipo, na tone la chuma kilichoyeyuka likianguka kutoka kwenye kazi ya kuchomelea linatoboa mkeka wa povu papo hapo. Zege haliwaki, lakini ukilichoma moja kwa moja kwa gesi ya kukatia chuma, unyevu uliomo ndani yake unageuka mvuke, na vipande vinaruka kwa kishindo usoni mwa anayefanya kazi.

Kwa upande wa vimiminika, oili ya injini inaingia kwenye vitundu vya zege na kuacha doa, ila hailiharibu haraka. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, hayo yanaila simenti waziwazi. Oili ya breki inalainisha rangi nyingi na kuzibabua. Petroli na thina zinayeyusha rangi za kawaida, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni kutafuta cheche. Banda lenye jiko la mkaa mlangoni na ndoo ya petroli ndani ni hatari kubwa hata sakafu iwe nzuri namna gani.

Hatua ya pili: lijue jamvi lako kabla ya kununua chochote

Hapa usiharakishe. Fedha nyingi zinazopotea kwenye sakafu za magereji zinapotea kwa sababu kinga imewekwa juu ya jamvi bovu, yaani lile zege lenyewe lililomwagwa kuwa sakafu.

Anza na nyundo. Gonga taratibu sakafu nzima, hatua moja moja, ukisikiliza. Sehemu nzima inalia kavu na fupi. Sehemu ambayo plasta imeachana na zege la chini inalia utupu. Izungushie chaki, maana chochote utakachobandika hapo kitang'oka pamoja na plasta yenyewe. Kisha chukua msumari wa inchi nne, ukwangue kwa nguvu ya mkono. Ukiacha mstari mweupe tu, uko salama. Ukipata unga na mfereji, tabaka la juu ni dhaifu: ama simenti ilikuwa haba, ama fundi aliacha sakafu ikauke bila kumwagiliwa.

Tone la maji nalo lina la kusema. Mwaga matone sehemu mbalimbali. Yakinywewa na zege kuwa jeusi ndani ya dakika moja hivi, sakafu ina vitundu na itashika rangi. Yakibaki yamejikunja juu juu, kuna oili, nta au rangi ya zamani inayozuia, na epoksi haitashika mpaka uiondoe.

Sasa unyevu. Watu wengi wanaamini kwamba kwa kuwa Dodoma ni kukavu, chini ya sakafu hakuna maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, halafu inafuata miezi ya jua na upepo. Lakini katika msimu ule mfupi ardhi inakunywa maji mengi, na maeneo ya bondeni yenye udongo mweusi wa mbuga yanayashikilia kwa muda mrefu. Maji hayo yanapanda kupitia zege, na yakifika juu yanakauka na kuacha chumvi. Huku kwetu chumvi ni tatizo la mara mbili, maana maji ya visima vingi yana chumvi tangu yanapochotwa, na yakitumika kuchanganyia zege yanaiingiza ndani kabisa. Ule unga mweupe unaotokea sakafuni na chini ya kuta wengi huuita fangasi, wakanunua dawa ya ukungu. Ni chumvi. Itaendelea kutoka na kusukuma rangi mpaka maji yazuiwe.

Kipimo cha unyevu ni rahisi. Kata nailoni nzito inayoonyesha, mraba wa sentimita 45, ibandike sakafuni kwa solotepu pana pande zote nne isipitishe hewa, uiache kuanzia jioni hadi kesho yake adhuhuri, isipungue saa 16. Fanya hivyo sehemu tatu: karibu na mlango, katikati, na kando ya ukuta unaopokea maji ya paa. Ukifunua ukakuta matone kwenye nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni yake, achana na epoksi kwa sasa. Na uangalie unapima lini. Kipimo cha Septemba kitakwambia sakafu ni kavu kwa sababu kila kitu ni kikavu. Kipimo cha kuaminika ni cha Februari au Machi, ardhi ikiwa imeshiba. Kama huwezi kusubiri msimu, angalia mguuni mwa ukuta. Plasta inayomomonyoka kwa mstari mmoja ulionyooka, sentimita kadhaa kutoka chini, ni ushahidi tosha.

Mwisho ni nyufa. Ufa mwembamba wa nywele unaotapakaa juu juu mara nyingi ulitokana na jua na upepo kukausha zege changa, hautishi. Ufa unaopita sakafu nzima, upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, huo unahusu ardhi ya chini. Udongo mweusi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jamvi linacheza nao. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha rudi kuuangalia mvua zikiisha. Ufa unaorefuka, au unaofunga na kufunguka kwa misimu, usiuwekee kigae wala epoksi juu. Utavipasua.

Hatua ya tatu: rekebisha au mwaga upya

Kama jamvi limepita vipimo vyote, kazi yako hapa ni usafi tu. Kama tabaka la juu ni dhaifu, libomoe kwa tindo mpaka ufike kwenye zege gumu, fagia vumbi lote, lowesha, pakaa uji wa simenti, na kabla haujakauka weka tabaka jipya la simenti moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 4. Kwa banda la mita 3 kwa 6 tabaka hilo linakula mifuko kama 7 ya kilo 50.

Wenye banda la udongo au kokoto wana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu wanaanza na karatasi nyeupe. Udongo mweusi ukiwepo, uchimbe na kuutoa, jaza moramu (udongo wa changarawe), shindilia kwa matabaka huku ukimwagia maji kidogo. Juu ya moramu tandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ile ya geji 1000, vipande vikipishana kwa sentimita 30 na kupanda kidogo ukutani. Nailoni hii ni ya bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, na baada ya zege kumwagwa huwezi tena kuirudia. Weka wavu wa BRC, ule wa vyuma vyembamba vilivyochomelewa, ulionyanyuliwa na vipande vya zege usilale chini, kisha mwaga zege la moja, mbili, nne (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) kwa unene wa sentimita 10. Ukitegemea kuingiza pikapu yenye mzigo, nenda mpaka 15. Banda la mita 3 kwa 6 kwa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.8, yaani mifuko 12 hadi 13 ya simenti. Upe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, maji ya kuoshea yatoke yenyewe.

Saa ya kumwaga ni jambo kubwa hapa Dodoma. Upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba unanyonya maji ya zege changa kuliko hata jua lenyewe. Mwaga alfajiri au jioni, funga mlango, ziba upande wa upepo kwa turubai. Zege likishakaza, lifunike kwa magunia yaliyolowa au nailoni, ulimwagilie siku 7 bila kuruka. Maji yawe ya bomba au ya mvua, yasiyo na ladha ya chumvi. Kesho yake kata mfereji wa kuruhusu zege lisinyae, robo ya unene wake, usiache kipande kinachozidi mita 3 bila mfereji. Ufa ukija utafuata mfereji, na mfereji unajazwa vizuri baadaye.

Hatua ya nne: chagua kinga kwa kila sehemu uliyochora

Kwa sakafu kubwa ya jumla, chaguo langu la kwanza kwa nyumba nyingi ni zege lenyewe likiwa limesuguliwa kwa mwiko wa chuma na kupakwa dawa ya kukaza. Dawa hizi za maji zina silikati. Zinaingia kwenye vitundu, zinakutana na chokaa ya simenti na kutengeneza tabaka gumu ndani kwa ndani. Haibanduki kwa sababu hakuna kitu kilichobandikwa juu. Inapunguza sana lile vumbi la simenti linaloingia kwenye bearingi ulizokwisha kuzisafisha. Haizuii madoa kama epoksi wala haing'ai kama kwenye picha, lakini jeki likiikwangua hakuna cha kupaka upya.

Niru ni nzuri kwa macho na kwa kufagia, ila ni tabaka jembamba la simenti tupu. Chini ya jeki inabanduka magamba. Iache kwenye sehemu ya kupita na kuwekea makabati.

Epoksi ina nafasi yake pale kwenye kumwagika vimiminika vingi, kwa mfano chini ya injini na mbele ya meza ya kuoshea vipuri. Nitaieleza peke yake hapo chini, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Vigae vya sebuleni visije gereji. Mama mmoja wa Kisasa alinionyesha maboksi yake akaniambia, "Fundi, hivi vimebaki, si tuviweke humu tu visipotee?" Nikachukua kipande kimoja kilichovunjika, nikakigeuza mgongo, nikadondosha maji. Yalinywewa hapohapo. "Mama, hiki ni laini ndani, kilichokaza ni hiki kioo cha juu tu. Spana ikidondoka hapa utalia." Kigae kinachofaa ni cha poselini kilichokaza mwili mzima, kisicho na mng'ao, na kilazwe kwa gundi iliyojaa mgongo wote. Wale mafundi wanaoweka gundi madonge matano wanaacha utupu chini, na kigae chenye utupu kinapasuka siku ya kwanza ya jeki.

Tarazo, sakafu ya simenti na vijiwe iliyosuguliwa, ni imara sana kwa uzito na mikwaruzo, tena mafundi wake wapo. Adui yake ni asidi, kwa sababu vile vijiwe vyake mara nyingi ni vya marumaru. Usichaji betri juu ya tarazo bila beseni.

Pevingi za milimita 60 zinabeba gari la nyumbani bila wasiwasi, na kama ardhi yako inacheza ndizo zinazosamehe, maana unazing'oa, unasawazisha na kuzirudisha. Kwa sehemu ya kazi lakini zinachosha. Jeki halitembei, nati inaingia kwenye mianya, na oili inapenya mpaka kwenye udongo. Zitumie nje ya mlango.

Sasa vipande vya kuweka na kuondoa, ambavyo naona vinadharauliwa. Mbele ya meza ya kazi weka raba nene, milimita 10 au zaidi. Miguu na mgongo vitakushukuru, na kifaa kikianguka hakivunjiki wala hakivunji sakafu. Mkanda wa konveya uliotumika, ukiupata, ni bora kuliko raba nyingi mpya kwa sababu una nyuzi ndani. Usiulaze juu ya epoksi moja kwa moja, raba nyeusi huacha doa la kahawia lisilotoka. Na uwe unaunyanyua mara kwa mara kufagia chini yake, hasa mvua zikikaribia. Nge wa huku wanapenda sana mahali pa namna hiyo.

Mikeka ya povu inayoungana kwa meno inafaa kupiga magoti na kulala chini ya gari, basi. Isikae karibu na grenda, na stendi ya jeki isikanyage juu yake hata kidogo, kwani povu linabonyea upande mmoja na stendi inalala. Mabango ya zamani ya matangazo, yale ya plastiki, ni mazuri kutandika ukipaka rangi au ukifungua kitu chenye oili, ila yakilowa oili yanateleza vibaya. Kapeti la zamani usiingize. Linanyonya petroli na kuitunza.

Kwenye kona ya kukatia na kuchomelea, bati nene la chuma la milimita 3 linatosha kupokea cheche na matone. Lilaze chini ya kazi, si chini ya miguu yako. Anayechomelea asimame kwenye ubao mkavu au raba kavu, akiwa na viatu vizima, kwa sababu kusimama juu ya chuma huku jasho linatiririka ni kujipa njia ya umeme. Kingo za bati zipigwe tupa zisikate.

Chini ya jeki na stendi, kata vipande vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 30 kwa 30, au chuma cha milimita 6 kama jeki lako lina magurudumu ya kutembea. Mzigo unasambaa na sakafu inapona. Tofali la simenti lisitumike kamwe kubeba gari. Linavunjika ghafla bila kutoa onyo, na chini yake kuna mtu. Plaiwudi isilazwe moja kwa moja chini miezi yote, mchwa wa Dodoma hawachelewi. Iegemeze ukutani kazi ikiisha.

Hatua ya tano: kama umeamua epoksi, ifanye kwa saa zake

Hesabu hii ikae akilini: lita moja ya rangi ikitandazwa kwenye mita 10 za mraba inaacha unene wa milimita 0.1 tu ikiwa mbichi. Kwa hiyo rangi ya epoksi haifuniki ufa, haisawazishi mabonde, na haifanyi zege dhaifu kuwa gumu. Inashika kile ilichokipata. Ile epoksi nzito inayomwagwa na kujisawazisha, ya milimita 2 hadi 3, ni kitu kingine na bei nyingine.

Zege jipya lisubiri siku 28 kabla ya kupakwa. Zege lenye oili lisafishwe kwanza. Tandaza maranda ya mbao yanyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, rudia mpaka tone la maji linywewe. Baada ya hapo uso wa zege ukwanguliwe. Njia bora ni grenda yenye sahani ya almasi ya kusagia zege, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, maana vumbi la mchanga wa zege linaharibu mapafu na uharibifu huo hauna tiba. Kitambaa usoni hakisaidii. Wengine hutumia asidi ya kuoshea vigae. Inawezekana, lakini mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi, fungua milango yote, vaa glavu na miwani, na ukimaliza osha sakafu kwa maji ya magadi soda kisha maji safi mengi. Baadaye sakafu ikauke kabisa, na kipimo cha nailoni kirudiwe. Uso ulio tayari ukiupitishia kiganja unakwaruza kama msasa laini.

Msimu mzuri ni Mei hadi Septemba. Wakati wa mvua unyevu wa hewa unaweza kuacha utando wa mafuta juu ya epoksi na tabaka la pili likakataa kushika.

Saa nzuri ni alasiri kuelekea jioni, joto la sakafu likiwa linashuka. Asubuhi sakafu inapopata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu vya zege inatanuka na kutoka, na kila inapotokea inaacha kitobo au puto kwenye rangi. Jioni hewa inavutwa ndani na rangi inaifuata. Funga mlango na madirisha, mwagia maji uwanja wa nje saa moja kabla ili upepo usilete vumbi jekundu juu ya kazi yako.

Kopo moja ni rangi, jingine ni kigumisho. Vikichanganywa saa inaanza kukimbia, na joto linaikimbiza zaidi: kwa nyuzi 30 muda wa kufanyia kazi ni karibu nusu ya ule wa nyuzi 20. Changanya kiasi kidogo kidogo, koroga dakika zilizoandikwa kwenye kopo huku ukikwangua pembeni na chini, kisha kimwage sakafuni kwa mistari badala ya kukiacha ndooni, maana kikirundikana kinajipasha moto na kuganda. Paka kingo kwa brashi, katikati kwa rola, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kwenye tabaka la kwanza, likiwa bichi, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa sehemu ambazo zitalowa. Oili na maji juu ya epoksi laini vinaangusha watu wazima.

Banda lisilo na mlango, linalopigwa na jua la jioni, litaifanya epoksi iwe ya njano na kutoa unga wa chaki. Hapo tabaka la juu liwe poliyurethani inayostahimili jua.

Usiingize gari mapema. Kutembea ni siku moja au mbili, gari ni siku 7 au zaidi. Tairi lililotoka barabarani likiwa na joto, likasimama juu ya epoksi isiyokomaa au iliyopakwa juu ya vumbi, linaondoka na kipande kesho yake asubuhi. Ukitaka uhakika zaidi, weka vipande viwili vya raba nyepesi pale matairi yanapolala, na karatasi nene chini yake kuzuia doa.

Kama fedha ni ya kuhesabu

Nunua kwa mpangilio huu. Kwanza simenti ya kurekebishia jamvi na nailoni kama unamwaga upya. Pili vipande vinne vya plaiwudi vya kuweka chini ya jeki na stendi, vinavyokatwa kwenye kipande kimoja tu cha ubao. Tatu bati la kona ya moto, ambalo kwa wachomeleaji wa Kizota au Majengo unaweza kupata mabaki yanayotosha. Nne raba ya mbele ya meza. Tano dawa ya kukaza zege. Epoksi ije mwisho, na mara nyingi utagundua unaihitaji mita 3 au 4 za mraba tu chini ya injini.

Betri zichajiwe ndani ya beseni la plastiki, na mfuko wa magadi soda ukae jirani. Maji ya betri yakimwagika, nyunyiza mpaka yaache kutoa povu, ndipo uoshe. Oili iliyomwagika funika kwa maranda hapohapo, na oili chafu ikusanywe kwenye dumu lenye mfuniko, umkabidhi anayeikusanya. Isimwagwe nyuma ya nyumba. Maji ya mji huu yanategemea sana visima, vikiwemo vile vya Makutupora, na oili ikishaingia ardhini hakuna wa kuitoa.

Mvua za kwanza zikipita, rudi na nyundo, penseli na nailoni, kagua tena mifereji ya zege na mguu wa kuta. Mfereji uliofunguka ujaze kwa silikoni au polisulfidi inayonyumbulika, si kwa simenti. Mipasuko midogo ya epoksi isugue kwa msasa na kuipaka palepale, kabla oili haijaingia chini yake.